Shajara ya mradi: cheti cha fikra za usanifu, na bosi aliyekuwa akijihoji mwenyewe

Wiki ya 1

Nimejisajili. Nimeitwa meneja wa ubunifu kwa miaka minne bila mtu kuniuliza ubunifu huo nimeusomea wapi, na sasa nimeamua kutafuta cheti cha fikra za usanifu (design thinking), yaani njia ya kutatua matatizo kwa kuanza na kumwelewa mtumiaji, kisha kubuni na kujaribu majibu.

Jambo la kwanza, lililonila siku tatu: hakuna chombo kimoja duniani kinachotoa cheti hiki. Si kama udaktari au uhasibu, ambako kuna bodi na usiposajiliwa hugusi kazi. Vyuo vikuu vinatoa vyao, kampuni za ushauri zinatoa vyao, majukwaa ya kozi za mtandaoni nayo yanatoa vyao, kila mmoja na vigezo vyake. Nilidhani viwango vya ISO, shirika la kimataifa la viwango, vitanisaidia kuchagua, havikunisaidia. ISO 56002 ya mwaka 2019 ni mwongozo wa namna taasisi inavyoweza kuendesha ubunifu wake, na ISO 56001 iliyotoka 2024 inaweka masharti ambayo taasisi inaweza kukaguliwa kwayo. Kinachokaguliwa ni mfumo wa taasisi, si kichwa cha meneja.

Basi nikazipima kozi kwa swali moja: wanasahihisha nini? Mbili zilikuwa zinasahihisha mahudhurio na maswali ya kuchagua jibu. Ya tatu inataka mtihani wa nadharia, jalada la mradi halisi kutoka kazini kwa mwanafunzi, pamoja na kila alichokitupa njiani, kisha utetezi mbele ya jopo. Nimechukua hiyo. Wiki 12.

Mradi wangu ni utaratibu wetu wa kukusanya mawazo ya wafanyakazi. Tuna kiwanda, tuna zamu tatu, tuna fomu ya kupendekeza maboresho, na fomu haijazwi. Mkufunzi ameniagiza niandike leo, kabla sijamuuliza mtu yeyote, ninachokiamini kuhusu tatizo. Nimeandika: *Watu hawaleti mawazo kwa sababu fomu ni ndefu.* Ina visanduku 14. Na dawa ninayo tayari, programu ya simu yenye visanduku vitatu. Mkurugenzi ameshaanza kuulizia wauzaji.

Usomaji wa wiki hii: nilidhani mambo haya yalizaliwa pamoja na vile vijikaratasi vya rangi vya kubandika ukutani. Kumbe Herbert Simon alishaandika mwaka 1969 kwamba kila anayebuni njia ya kuitoa hali iliyopo na kuipeleka kwenye hali inayotakiwa anafanya usanifu. Na Simon hakuwa mchora ramani wala mtengeneza samani. Alikuwa akichunguza jinsi watu na taasisi zinavyoamua. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, John Arnold alikuwa akiwafundisha wahandisi ubunifu tangu miaka ya 1950. Walioliingiza neno hili maofisini ni kampuni ya usanifu ya IDEO, iliyoundwa 1991, na ile d.school, taasisi ya usanifu ya Stanford, ambayo Hasso Plattner, mmoja wa waasisi wa kampuni ya programu ya SAP, aliitolea fedha mwaka 2005. Nayaandika kwa ajili ya mtihani wa nadharia. Kwenye mradi wenyewe sitegemei kuyahitaji.

Wiki ya 2

Mahojiano ya kwanza. Watu wanne, chumba cha mikutano, kila mmoja dakika 20, kwa ruhusa yao nimerekodi. Nilitoka nikiwa na furaha kubwa. Wote wanne walikubaliana nami! Fomu ni ndefu, ndiyo bosi. Ikiwa kwenye simu itakuwa rahisi, ndiyo bosi. Mmoja akaongeza kwamba nimelifikiria jambo hili vizuri sana.

Nikampelekea mkufunzi rekodi ya mahojiano ya tatu, ile niliyoona imependeza zaidi. Amenirudishia majibu jioni hii. Ameisikiliza akiwa na saa mkononi: katika dakika 20, mimi nimeongea 12. Halafu ameninukulia maswali yangu mwenyewe, na nayanakili hapa ili nisiyasahau:

"Unaona fomu yetu ni ndefu sana, eti?"

"Ingekuwa kwenye simu ungeitumia, au siyo?"

Chini yake ameandika: "Huyu dada hukumhoji. Ulijihoji mwenyewe ukamtumia yeye kama kioo. Halafu hebu niambie, kwenye orodha ya wanaopendekeza nyongeza yake ya mshahara, jina lako halimo?"

Limo.

Nimekaa na hilo usiku kucha. Vitabu vyote vya kozi hii vinaanza na hatua ya kumwelewa mtumiaji: kaa naye, msikilize, yaone mambo kwa macho yake. Hakuna ukurasa unaoniambia nifanye nini ikiwa mtumiaji huyo huomba ruhusa ya likizo kwangu. Msanifu wa nje anayeingia na daftari lake ni mgeni. Mgeni huambiwa mengi. Mimi ni mwenye nguvu, na mwenye nguvu mpishe. Walinipisha tu, kwa adabu.

Rekodi zote nne nimeziweka kwenye jalada, upande wa vilivyotupwa. Zinauma.

Wiki ya 3

Nimebadilisha mambo matatu.

La kwanza, tumebadilishana watu. Mwanafunzi mwenzangu wa kozi ni meneja kwenye taasisi isiyohusiana na yetu kabisa. Yeye atawahoji wa kwangu, mimi nitawahoji wa kwake. Kilichosemwa kinarudi kwangu bila majina, na nimekubali kwa maandishi kwamba sitauliza nani kasema nini. (Kuna sauti nitazitambua tu. Nimeahidi kujifanya sizitambui.)

La pili, maswali. Hatuulizi tena maoni, wala hatuulizi "ungependa" wala "ungetumia". Tunauliza mara ya mwisho: *Nisimulie mara ya mwisho ulipoona kitu hapa kazini kinachoweza kufanywa vizuri zaidi. Ilikuwa lini? Ukafanyaje?* Halafu mhojaji ananyamaza. Mkufunzi anasema ahesabu moyoni hadi kumi kabla ya kusema neno lingine. Nimejaribu kwa watu wa mwenzangu. Hadi sita pumzi inakubana, na karibu na nane ndipo mtu huanza kusema lile la kweli.

La tatu, kwenda kuangalia. Hili nilidhani ni la kutimiza wajibu tu, na ndilo lililonipa kitu ambacho sijaacha kukifikiria.

Usiku wa Alhamisi, saa saba, nimesimama karibu na mashine ya kufunga maboksi. Fundi ananijua, kanisalimia, karudi kazini. Baada ya kama saa nzima akawa amenisahau. Kwenye mkono wa kuendeshea mashine niliona kipande cha mpira mweusi, upana wa vidole viwili, kimezungushiwa utepe wa umeme. Ukingo wake mmoja una meno meno. Ni soli ya buti. Kaikata soli ya buti kuukuu, kaifunga pale ili mkono wa mashine usimtetemeshe kiganja. Nikatembea hadi mashine ya pili. Ipo. Ya tatu, ipo, na hiyo ya tatu ina mpira mara mbili kwa sababu mtetemo wake ni mkali zaidi.

Nikamuuliza ni tangu lini. "Miezi minane hivi, mkuu." Na hukuwahi kuliandika kama wazo? Akafuta mikono kwa kitambaa, akatazama pembeni. "Niliwahi kuandika jingine, zamani. Nikaambiwa asante."

Akasema hivyo tu na kurudi kwenye maboksi yake. Nami nikajizuia, nikahesabu hadi kumi, lakini hakuongeza neno.

Wasanifu wanavipenda sana viraka vya namna hii, vitu ambavyo watu wamejitengenezea wenyewe kwa sababu walivyopewa havikuwafaa. Kiraka hakimwogopi bosi. Miezi minane kimekaa pale kikinitazama, na mimi ofisini nimeandika kwamba watu hawana mawazo kwa sababu ya visanduku 14.

Wiki ya 4

Mahojiano 11 yamekamilika, pamoja na maelezo ya usiku tatu za kuangalia. Vipande 118 vya karatasi, kila kimoja na jambo moja, kwa maneno ya msemaji kadiri ilivyowezekana.

Kuvipanga tumetumia njia ya Jiro Kawakita, mwanaanthropolojia wa Japani aliyekuwa akizama kwenye rundo la taarifa za utafiti na kutafuta namna ya kuziacha zijipange zenyewe. Herufi za jina lake, KJ, ndizo zilizobaki kama jina la njia hiyo. Unaanza na vipande, si na makundi. Unaviweka karibu vinavyovutana, kimya kimya, na kichwa cha kundi kinakuja mwisho.

Nilivunja kanuni ndani ya dakika tano. Nikachukua kalamu nikaandika "MAWASILIANO" na kuanza kurundika vipande chini yake. Vilikubali kuingia 40 na kitu. Mkufunzi, aliyekuwa akitazama kupitia kamera, akauliza: "Hicho ni kikapu au ni kundi?" Akaweka sharti kwamba kichwa cha neno moja hakikubaliki. Lazima iwe sentensi ambayo mmoja wa waliohojiwa angeweza kuitamka na wenzake wakaitikia kwa kichwa.

Kile kikapu kikapasuka vipande vitano. Hiki ndicho kilikuwa kikubwa kuliko vyote, vipande 27:

*Wazo langu likishanitoka mkononi, sijui liko wapi.*

Vipande vilivyozungumzia urefu wa fomu: vitatu. Viwili kati yake vimetoka kwenye yale mahojiano yangu ya mwanzo, ambayo sikupaswa hata kuyachanganya humo.

Wiki ya 5

Kauli ya tatizo. Nimeiandika mara sita. Hapa naweka tatu.

Ya kwanza: *Wafanyakazi wanahitaji programu ya kufuatilia mawazo yao.* Imekataliwa mara moja. Programu si hitaji, ni jibu lililovaa nguo za hitaji.

Ya tatu: *Wafanyakazi wanahitaji uwazi.* Imekataliwa. Wafanyakazi gani? Uwazi wa nini? Sentensi hii ingeweza kubandikwa kwenye mlango wa ofisi yoyote na isimsumbue mtu.

Ya sita: *Fundi wa zamu anahitaji kujua wazo lake limefika wapi na limekwama kwa nani, kwa sababu ukimya anausoma kama kukataliwa, na akikataliwa kimya mara moja harudi tena.* Hii imepita.

Nimerudia kusoma Horst Rittel na Melvin Webber, makala yao ya 1973 kuhusu matatizo korofi, yale ambayo kulitaja tatizo kwenyewe ndiyo kazi, kwa kuwa kila namna ya kulitaja inabeba jibu lake tumboni. Mwanzoni niliyasoma kama nadharia ya mtihani. Sasa ninaona nilivyoliita tatizo "fomu ndefu" na jibu likajileta lenyewe, fomu fupi.

Mkurugenzi aliniita. Anataka kujua kwa nini wiki tano zimepita na bado hatujachagua muuzaji. Nikamchorea ile michoro miwili ya almasi ambayo Baraza la Usanifu la Uingereza liliieneza katikati ya miaka ya 2000, ya kwanza ya kupanua na kubana tatizo, ya pili ya kupanua na kubana jibu, nikamwonyesha kwamba sisi ndiyo kwanza tumefika pale almasi zinapogusana. Aliitazama karatasi kwa heshima. Kisha akauliza: "Kwa hiyo muuzaji lini?"

Nikaacha michoro nikamsimulia habari ya soli ya buti. Alinyamaza, akauliza ni mashine zipi. Nimepewa wiki nne zaidi.

Wiki ya 6

Kubungua bongo. Kanuni zake za asili ni za Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara, na alizieneza miaka ya 1940 na 1950: tafuteni wingi, msihukumu, karibisheni ya ajabu, jengeni juu ya la mwenzenu. Ila nilikuwa sijui kwamba mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walizijaribu na kukuta kwamba watu waliofikiri mmoja mmoja, mawazo yao yakakusanywa baadaye, walitoa mengi kuliko idadi ileile ya watu walioketi pamoja. Mwaka 1987 watafiti Michael Diehl na Wolfgang Stroebe wakaonyesha sababu kubwa mojawapo: mtu anaposubiri zamu ya kusema, wazo lake hupotea au hulala.

Kwa hiyo tuliandika kwanza, kimya, dakika kumi, kila mtu na karatasi zake. Watu wanane, mimi nikiwa mmoja wao. Tukabandika. Tukapiga kura kwa nukta za wino, kila mtu nukta tatu, bila majina.

Karatasi iliyopata nukta nyingi ilikuwa yangu. Nikajisikia vizuri kama kwa nusu dakika. Kisha nikaona karatasi zote zimeandikwa kwa kalamu za bluu tulizogawa, isipokuwa zangu, ambazo niliandika kwa kalamu yangu nyeusi ile ninayotumia kutia saini. Hata ningetumia ya bluu, mwandiko wangu wanaujua. Wanausoma kila wiki kwenye ratiba ya zamu.

Kura imefutwa. Jumatano wamerudia bila mimi. Mwenzangu wa kozi ameendesha kwa video, mtu mmoja akawa ananakili karatasi zote kwa mwandiko wake kabla hazijabandikwa. Mawazo 41. Langu lilinakiliwa pamoja na mengine na likapata nukta moja. Nadhani hiyo moja ilikuwa ya huruma.

Lililoshinda linatoka kwa mtu ambaye sitauliza ni nani: *wazo lisafiri kama mzigo, na mwenyewe aone limefika kituo gani.*

Wiki ya 7

Ripoti za robo mwaka. Hakuna kilichofanyika.

Wiki ya 8

Kielelezo cha kwanza, yaani mfano wa kujaribia. Mkurugenzi alitegemea kuona skrini. Nimemwonyesha ubao wa boksi.

Ni maboksi mawili yaliyofunguliwa na kuunganishwa kwa gundi, yamening'inizwa ukutani kwenye korido. Misumari mitano, kila mmoja ni kituo: Limepokelewa, Linasomwa, Linajaribiwa, Linafanyika, na Hapana. Kila wazo ni kadi moja yenye kamba. Kadi inaning'inia kwenye kituo ilipo, na nyuma yake ameandikwa aliyenayo na tangu tarehe ngapi. Nilikitengeneza alasiri moja.

Kwenye mafunzo tuliambiwa kuhusu Jeff Hawkins, aliyebuni PalmPilot, kompyuta ndogo ya mfukoni: kabla ya kuunda chochote cha umeme alitembea na kipande cha mbao mfukoni mwa shati, na kila alipohitaji kuandika miadi alikitoa akajifanya anaandika. Alitaka kujua kama kitu cha ukubwa ule mtu atakibeba kweli. Mbao ilimjibu. Mimi ninataka kujua kama mtu atasimama kutazama wazo lake lilipo, na kwa hilo boksi linatosha.

Pamoja na ubao, natuma ujumbe. Kadi ikihama kituo, mwenye wazo anapata mstari mmoja kwenye simu. Wao wanafikiri kuna mfumo. Mfumo ni mimi, nimekaa ofisini naandika kwa kidole. Wana fani wanaiita mbinu ya Mchawi wa Oz: mashine mbele, mtu nyuma ya pazia. Nitawaambia baada ya jaribio. Ndilo sharti la kozi, na ni haki yao.

Wiki ya 9

Jaribio. Watu watano, kwa sababu ya hesabu maarufu ya watafiti wa utumiaji, Jakob Nielsen na Thomas Landauer, ya mwaka 1993: ikiwa mtumiaji mmoja anafichua kwa wastani asilimia 31 ya kasoro, watano wanafichua kama asilimia 85. Niliiandika hesabu hiyo kwa fahari kwenye jalada.

Mkufunzi akaizungushia duara. Hesabu ile ni ya kasoro za utumiaji, si ya kama watu wanakitaka kitu. Na ni ya watumiaji wanaofanana. "Watano wako ni wa zamu ipi?"

Mchana, wote.

Nikaenda usiku. Saa nne, nimesimama mbele ya korido yenye ubao wangu, mlango umefungwa kwa kufuli. Korido ile ni ya ofisi. Mlinzi huifunga saa kumi na mbili jioni kila siku, na amekuwa akiifunga hivyo kabla sijaajiriwa. Zamu ya usiku hawajawahi kuuona ubao hata mara moja. Yule fundi wa soli ya buti, ambaye kwa ajili yake kauli ya tatizo imeandikwa, angehitaji kuomba ufunguo ili aone wazo lake limefika wapi.

Ubao umehamia kando ya makabati ya kubadilishia nguo. Hapo zamu zote tatu hupita.

Kituo kilichosomwa kuliko vyote ni kile cha Hapana, na hilo sikulitegemea. Watu walisimama pale, wakageuza kadi, wakasoma sababu, wengine wakaita wenzao. Kadi moja ilisema: *Hapana, kwa sababu kifuniko hicho kikiondolewa mkono unaweza kuingia kwenye mnyororo.* Nilimsikia mwenye wazo akisema, bila kinyongo, "Aa, kumbe." Mimi nilikuwa nimekiweka kituo hicho mwisho na kwa maandishi madogo, nikidhani ni cha aibu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wenyewe ndio uliokuwa ukitukimbiza miaka yote hii, na hapana yenye sababu imepita bila kelele.

Wiki ya 10

Wiki mbaya, na ndiyo yenye mafunzo kuliko zote.

Niliongeza kanuni: kadi isikae kituo kimoja zaidi ya siku kumi za kazi. Ikizidi, inageuzwa upande mwekundu. Jumanne kadi nne zikawa nyekundu, zote kwa mkuu wa idara moja. Jumatano asubuhi alikuwa ofisini kwangu amesimama, hakutaka kiti. "Umenianika."

Alikuwa na haki. Wiki tisa nimezunguka nikiwasikiliza wanaotuma mawazo. Wanaotakiwa kuyajibu sijamhoji hata mmoja. Niliwachukulia kama ukuta ambao barua zinagonga, na kumbe nao wanautumia utaratibu huu, tena kwa tabu zaidi.

Nikamwomba radhi, nikageuza kadi zake, nikamwomba aniruhusu niulize lile swali la mara ya mwisho. Huyu si wa chini yangu, tuko sawa, kwa hiyo niliweza kumhoji mwenyewe. Akaketi.

Alieleza hivi. Wazo likija, akisema ndiyo, anahitaji fedha ambazo hazimo kwenye fungu lake. Atalazimika kwenda kuziomba na pengine kunyimwa, na aliyeleta wazo atamwona yeye mwongo. Akisema hapana, anakutana na mtu huyo kesho yake kwenye mashine, na keshokutwa, mwaka mzima. Akinyamaza, hakuna kinachotokea. "Wewe ungefanyaje, ndugu yangu?"

Ningenyamaza.

Wakuu wengine wawili wamesema karibu yaleyale. Toleo la pili la ubao limetokana na mazungumzo hayo. Hapana sasa inatoka kwa kikao cha watu watatu, na kadi inabeba saini zao wote. Kuna kifungu kidogo cha fedha ambacho mkuu wa idara anaweza kukitumia kwa majaribio bila kuomba; mkurugenzi alikubali haraka kuliko nilivyowaza, kwa kuwa ni kidogo sana kuliko bei aliyotajiwa na muuzaji wa programu. Na upande mwekundu hauonyeshi tena jina la mtu, unaonyesha kilichokosekana: *Linasubiri kipimo. Linasubiri fedha.*

Kwenye kozi tunafundishwa kwamba kitu kizuri kinakaa pale panapokutana mambo matatu: watu wanakitaka, kiufundi kinawezekana, na kinajilipa. Mimi nilikuwa nimeuliza la kwanza kwa upande mmoja tu wa meza.

Wiki ya 11

Naandika jalada. Kurasa za vilivyotupwa zimezidi za vilivyobaki.

Kuna sehemu ya lazima: hoja dhidi ya fikra za usanifu zenyewe. Nimeanza na Natasha Jen, msanifu wa kampuni ya usanifu ya Pentagram, ambaye mwaka 2017 alisimama jukwaani na kuishambulia mbinu hii bila kumung'unya maneno. Lalamiko lake kubwa ni kwamba zile hatua tano (kumwelewa mtumiaji, kulitaja tatizo, kubuni mawazo, kutengeneza kielelezo, kujaribu) zinazochorwa kama njia iliyonyooka zimeacha kitu ambacho wasanifu hukithamini kuliko vyote, yaani kuikosoa kazi mezani, na kwamba vijikaratasi ukutani si ushahidi wa chochote. Nakubaliana naye zaidi ya nilivyotaka. Kila kitu cha maana kilichotokea kwenye mradi huu kilitokana na mtu kuninyooshea kidole: rekodi, kikapu cha MAWASILIANO, kalamu nyeusi, kufuli, "umenianika". Hatua tano zilinipa mahali pa kusimama nikikosolewa.

Kuhusu vipimo, mkurugenzi anataka idadi ya mawazo. Nimekataa kukifanya hicho kiwe kipimo kikuu, maana ukiwaambia watu unahesabu mawazo watakuletea mawazo, mengine ya kujaza hesabu tu. Napima siku kutoka kadi kutundikwa hadi jibu la kwanza lenye sababu. Kadi 23 zimeingia. 19 zimejibiwa ndani ya siku kumi. Ni namba ndogo, wiki ni chache, kitu kipya huvutia kwa upya wake, na mimi mwenyewe nilikuwa nikipita pale kila asubuhi. Yote haya nimeyaandika kabla jopo halijaniuliza.

Niliwaambia pia kuhusu zile jumbe, kwamba mfumo ulikuwa kidole changu. Walicheka. Mmoja akasema alishashuku, kwa sababu mfumo ulikuwa haufanyi kazi saa ya chakula.

Wiki ya 12

Utetezi. Dakika 15 za kuwasilisha, 30 za maswali, wajumbe watatu.

Walipita haraka kwenye historia na nadharia. Wakakaa muda mrefu kwenye rekodi za wiki ya 2; mjumbe mmoja aliomba nisome maswali yangu kwa sauti. Niliyasoma. Mwingine akauliza nilijuaje kwamba watu wa wiki ya 3 hawakumpendeza mwenzangu kama walivyonipendeza mimi. Nikasema sijui kwa hakika, ila soli ya buti ilikuwepo miezi minane kabla ya mtu yeyote kuhojiwa.

Swali la mwisho: "Ukiondoka kesho, kadi zitageuzwa na nani?"

Nikafungua kinywa nikakifunga. Mikutano ya kikao cha Hapana huiitisha mimi. Kadi nyekundu hugeuza mimi. Ujumbe hutuma mimi. Nimetumia wiki 12 kujiondoa kwenye mahojiano, kwenye kura, kwenye kalamu, na mwishoni nikajijenga katikati ya ubao.

"Hakuna," nikasema.

Wamenipitisha kwa masharti. Cheti kitatolewa nikiwasilisha wiki nne za kumbukumbu za ubao ukiendeshwa bila mimi, pamoja na kadi zilizochelewa.

Wiki ya 13

Kazi ya kugeuza kadi nyekundu nimeikabidhi kwa wakuu wa zamu. Wanapokezana wiki kwa wiki. Jumbe za simu zimeachwa, kwa kuwa hakuna aliyezidai tangu ubao uhamie kwenye makabati. Programu ya muuzaji imesimamishwa hadi mwaka ujao. Mimi natumia mlango wa nyuma ili nisipite pale asubuhi.

Jana nilichungulia. Kadi ya soli ya buti, aliyoiandika fundi mwenyewe wiki iliyopita, iko kwenye Hapana: *Hapana, kwa sababu mpira unaisha baada ya miezi mitatu. Matengenezo wataweka springi, mashine ya tatu kwanza.* Saini tatu. Chini yake, kwa kalamu ya bluu, mtu ameongeza: *Miezi mitano, siyo mitatu. Nimepima.*

Kadi imerudishwa kwenye Linasomwa. Sijui ni nani aliyeirudisha, na sitauliza.